Stoo ya Mwalimu Shadhli

Sikuamini hata siku moja kwamba mwanangu amegeuka jini. Badri alikuwa mtoto wa miaka tisa, anaogopa hata paka, angemtisha nani? Lakini watu wa kijiji chetu cha Naji Suweyfi walipoanza kusema kuna mtu anagonga ndani ya shule kuukuu saa za adhuhuri, jua la kwetu Said, kusini mwa Misri, likiwa kali hata mbwa wanajificha, nilinyamaza. Niliwaacha waseme. Shule ile Haji Shadhli ameinunua, anataka kuifungua upya kwa jina lake, na hakuna mzazi aliyekubali kuandikisha mtoto. Nilifurahi. Sifichi, nilifurahi sana.

Huyo Haji ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu. Miaka iliyopita Badri wangu alikutwa amekufa ndani ya stoo ya shule hiyo baada ya mapumziko ya Idi, kwa joto na kiu. Siku zile zote mimi nilikuwa mferejini, ndugu zangu wanazamia kwenye matope, tukidhani mtoto kazama. Haji akasema Badri aliingia mwenyewe kuiba mpira, upepo ukabamiza mlango, komeo la nje likajifunga. Komeo lijifunge! Wakubwa wakaamini, wakaandika ajali. Mimi nikaambiwa nimshukuru Mungu.

Basi Haji akamleta Ustadhi Wagdi kutoka Asiuti, mtu wa chuo kikuu, mwembamba, miwani usoni na kipimajoto mfukoni. Kazi yake kuwaumbua waganga na wapunga pepo. Alishinda pale shuleni siku kadhaa, kisha akatuita wote uani, adhuhuri. Nilikwenda na unga ungali mikononi.

"Sikilizeni," akasema.

Stoo ikagonga. Ko! Ko-ko! Wanawake wakaanza kusoma Ayatul Kursi. Yeye akachukua ndoo ya maji, akaumwagia ule mlango wa chuma. Ukanyamaza.

"Chuma kikipata joto kinatanuka, fremu inakibana, kinagonga. Basi! Hapa hakuna jini, jamani."

Watu wakacheka kwa aibu. Mimi nilihisi nimeporwa tena. Kelele ile ndiyo iliyokuwa ikinipigania, na sasa imeuawa kwa ndoo moja ya maji.

Haji akapanda kwenye ngazi. "Mmeona? Miaka yote mnamsikiliza mwanamke aliyechanganyikiwa! Kesho leteni watoto."

Hapo nikasogea mbele.

"Ustadhi," nikasema, "wewe mwenyewe unaweza kufungiwa humo?"

"Hata sasa hivi, Mama Badri."

Akaingia. Kaka yangu Hamdan akafunga komeo. Mlango ulipokauka ukaanza kugonga tena, ko-ko, na ustadhi tunamsikia ndani anapiga mluzi. Akatoka jasho likimtiririka, anatabasamu. "Joto tu."

"Basi na Haji aingie," nikasema. "Si ndiye mwenye shule? Akitoka salama, mtoto wa Hamdan atakuwa wa kwanza kuandikishwa."

"Mimi mtu mzima nicheze michezo ya watoto?" Haji akasema.

"Unaogopa nini, Haji?" mtu akauliza. "Si joto tu?"

"Anaogopa upepo utambamizia mlango!" mwingine akadakia, na uani pote wakaangua kicheko.

"Mkuki kwa nguruwe," nikasema mimi.

Ustadhi Wagdi, mtu wa haki, akamgeukia. "Ingia kidogo tu, Haji. Ukitoka, maneno yamekwisha."

Akaingia kifua mbele. Komeo nililifunga mwenyewe.

Mwanzoni kimya. Kisha chuma kikagonga.

"Haya, imetosha! Fungueni!"

Kikagonga tena. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayelia. "Fungueni! Badri, nisamehe! Nilikufungia mimi kukuadhibu, nikasahau, wallahi nilisahau!"

Watu wakasogea karibu. Hilo mimi nililijua toka zamani, nilitaka wao ndio walisikie. Lakini hakuishia hapo.

"Nilikumbuka usiku wa Idi! Nilikuja, nikakusikia unagonga! Watu wote wako mferejini wanakutafuta, ningewaambia nini? Nikasema nitakufungulia baadaye, mtu asinione..."

Usiku wa Idi. Usiku wa Idi mwanangu alikuwa hai! Nikaegemea ule mlango kwa mgongo. Chuma kilinichoma hadi kwenye mifupa, sikuondoka. Nyuma yangu Haji anapiga kwa ngumi mbili.

"Mama Badri, fungua," ustadhi akanisihi. "Atakufa humo. Utakuwa sawa na yeye."

"Sawa vipi? Yeye alijificha. Mimi si mnaniona?" Nikageuza kichwa. "Haji! Sema tena, walio nyuma hawakusikia!"

Akasema tena. Nikamwambia arudie tena, autaje usiku wa Idi, ataje na alivyosimama nasi mferejini akijifanya anatafuta. Alitaja yote. Nilipoona hakuna aliyebaki hajui, ndipo nikafungua, naye akatoka kwa magoti.

Polisi walimhoji, wakili akamtoa kwa dhamana. Ijumaa akaja mlangoni kwangu, kichwa wazi, miguu mitupu, sanda yake ameibeba mikononi, kijiji kizima nyuma yake. Kwetu mwenye damu mkononi akitaka amani huja hivyo, na wewe umuue au umsamehe. Hamdan alikuwa na bunduki. Sheikh alikuwa na dua tayari.

"Mama Badri," Haji akasema, "roho yangu hii hapa."

Nilimtazama. Alikuwa amekonda. Nikaona kweli anataka: risasi au msamaha, lolote analikubali, mradi yaishe.

"Hamdan, weka bunduki chini," nikasema. "Na wewe inuka uende kwako. Sikuui. Wala sikusamehe."

Watu wakaguna. Sheikh akanisogelea. "Binti yangu, mila inasema moja kati ya mawili."

"Mila haikumzaa Badri, sheikh."

Nikaingia ndani kuukanda unga. Haji alibaki pale juani na sanda yake mikononi.