Alichokiona Sista Jael

Kabla Nyachuol hajaja, kila swali la wodi ya wazazi lilikuwa likiishia kwa Jael. Mama huyu aongezwe damu au asubiri? Mtoto huyu ananyonya kweli au anachezea titi tu? Jael alikuwa akisimama mlangoni, akaangalia kitanda baada ya kitanda kabla ya kugusa faili lolote, kisha akasema, na alichosema ndicho kilichofanywa. Alitoka Siaya, Kenya, mwaka 2006, mkataba wa amani wa Sudan ukiwa na mwaka mmoja tu, na kufikia 2009 hakukuwa na muuguzi aliyekaa muda mrefu kuliko yeye katika hospitali ile ndogo ya shirika, pale mtaa wa Thongpiny mjini Juba, ambako ndege zilipita karibu kabisa na mabati zikawaamsha watoto wote kwa pamoja.

Nyachuol alikuja Februari ya mwaka huo. Alikuwa binti wa Kinuer aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kusomea uuguzi Eldoret, miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye kicheko kisicho na haraka. Siku ya kwanza alimwita Jael "mama", akarekebishwa, na tangu hapo akamwita "sista".

Jael mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Usianze na mashine," alimwambia. "Anza na macho. Angalia anavyolala, anavyopumua, anavyomshika mtoto wake. Ukishaona, ndipo upime."

Msichana alishika haraka. Tena alikuwa na kitu ambacho Jael hakuwa nacho, nacho ni lugha. Kiarabu cha Juba alikiongea kama mtu aliyezaliwa sokoni. Kinuer kilikuwa chake, na Kidinka alikijua cha kutosha kumtuliza mtu. Jael, baada ya miaka mitatu, bado alikuwa anauliza kwa vidole mahali panapouma, na maelezo marefu ya wagonjwa yalimfikia kupitia kwa mama mfagiaji yakiwa yamefupishwa hadi maneno mawili: "Anasema anaumwa."

Mwezi wa tano kulikuwa na mama ambaye wote walimdhania malaria. Nyachuol aliketi kando yake robo saa nzima wakipiga soga, akainuka akisema mama huyu hajakojoa tangu jana asubuhi na ameona aibu kumwambia mwanamume. Ikawa ndiyo habari. Daktari Ater, aliyekuwa mkubwa wa wodi, aliisimulia kwenye mkutano wa Jumatatu, akairudia Jumatatu iliyofuata. Kisha pakaanza kunong'onwa kwamba nafasi ya msimamizi wa wodi itatangazwa, na kwamba shirika lingependa mwenyeji.

Jael hakujua lini hasa wivu ulimwingia. Alijikuta tu anahesabu ni mara ngapi daktari ametaja jina la Nyachuol kwenye raundi moja. Akajikuta anapekua mafaili ambayo Nyachuol ameandika, akitafuta kosa, na akiudhika kwa mwandiko kuwa safi. Chai ya saa nne, ambayo walikuwa wakinywa pamoja kwenye benchi la nyuma, akaanza kuinywa peke yake katika chumba cha dawa. Jumapili moja kanisani, macho yamefumbwa, akajigundua anamwomba Mungu ampatie Nyachuol kazi nzuri mbali huko Malakal. Akafumbua macho kwa aibu, lakini ombi lenyewe hakulifuta.

Basi ikawa Jumanne moja ya mwezi wa nane. Jael aliingia zamu saa mbili kasoro, akasimama mlangoni kama kawaida yake. Kitanda cha nne kilikuwa na mwanamke kijana aitwaye Poni, mkazi wa Gudele, aliyejifungua salama siku mbili zilizopita. Alikuwa amejifunika kitenge usoni. Jael alidhani amelala, mpaka alipoona kidole gumba cha mguu kinachezacheza. Mtu aliye macho anajificha uso wa nini? Kisha akaona kwamba kitenge kilikuwa kimevutwa upande wa dirisha tu. Mwanga ulikuwa unamuumiza.

Akamsogelea, akakishusha kitenge taratibu. Kope zilikuwa zimevimba. Poni alifumba macho, akagusa paji la uso, akasema neno moja ambalo hata Jael alilijua: "Ras." Kichwa.

Jael akachukua faili. Presha ya siku ya kujifungua: 118 kwa 76. Jana: 126 kwa 84. Leo alfajiri: 138 kwa 88. Chini yake, kwa mwandiko ule safi, Nyachuol, aliyeingia zamu tangu alfajiri, alikuwa ameandika kwamba mgonjwa analalamika kichwa, hakulala kwa sababu ya mtoto, amepewa panadoli, na anaweza kuruhusiwa. Daktari Ater alikuwa ameshatia sahihi.

Hakuna namba hata moja iliyofika 140 kwa 90, kiwango ambacho mwongozo wa wodi uliagiza daktari aitwe. Ukizitazama moja moja, zote zilikuwa nzuri. Lakini ukizitazama kwa mfuatano, zilikuwa zinapanda ngazi. Mwanamke huyu alikuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba, kile kinachoweza kumshika mzazi hata baada ya kujifungua, wakati kila mtu ameshashusha pumzi. Mkojo haukuwa umepimwa kuona kama una protini. Hakuna aliyempiga magoti kwa kinyundo aone kama yanaruka kupita kiasi, dalili nyingine ya hatari.

Jael aligeuka na faili mkononi. Mezani, mwisho wa wodi, Daktari Ater alikuwa amesimama na Nyachuol. Hakuwa anapaza sauti, lakini wodi ilikuwa kimya na maneno yalifika.

"Sista Nyachuol, mimi siku hizi nikisaini yako sisomi mara mbili. Wewe ndiye macho ya wodi hii."

Nyachuol alicheka kile kicheko chake.

Jael alisimama pale labda kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha akalifunga faili na kulirudisha kwenye ndoano ya kitanda. Wala hakujiambia, "Acha afe." Mtu hajiambii hivyo. Alijiambia kwamba daktari ameshasaini, kwamba si yeye aliyempima, kwamba kichwa kikizidi atarudi mwenyewe jioni. Na nyuma ya hayo yote, kwa sauti ndogo, alijiambia kwamba akirudi jioni, wataona macho ya wodi ni ya nani.

Saa nne Poni aliondoka na mama mkwe wake, mtoto akiwa amefungwa kifuani. Jael alikuwa akipita na sinia la sindano. Alimwona Poni anafika kwenye ngazi ya nje, anatanguliza mguu, na mguu unakanyaga hewa. Mama mkwe alimdaka mkono. Poni akapapasa ukuta kama kipofu, akapanda bodaboda, wakaenda.

Jael aliingia chumba cha dawa. Chai ilikuwa imepoa. Akapima presha ya kitanda cha tano, akasahau namba kabla ya kuiandika, akapima tena. Akabadilisha dripu ambayo ilikuwa bado imejaa. Saa sita kasoro robo alilitoa faili la Poni kwenye rundo la walioruhusiwa, akalisoma kama vile huenda namba zimebadilika. Hazikuwa zimebadilika. Akatoka akamtafuta Nyachuol.

"Yule Poni wa kitanda cha nne anakaa wapi Gudele?"

"Kuna nini, sista?"

Jael akamfungulia faili na kupitisha kidole kwenye zile namba tatu, moja baada ya nyingine. "Ongeza kichwa. Ongeza macho kukataa mwanga, na kope kuvimba."

Nyachuol hakubisha. Jael alimwona akielewa. "Mimi nilidhani ni usingizi," alisema. "Wewe umeliona saa ngapi?"

"Sasa hivi. Nilikuwa napanga mafaili."

Uongo ulitoka laini, bila kukwama.

Daktari Ater alikuwa chumba cha upasuaji, tumbo la mtu liko wazi. Wakamwachia ujumbe. Jael alijaza mkoba: mashine ya presha, kinyundo, sindano, chupa za magnesiamu ya kuzuia degedege, na dawa ya kuizima ile magnesiamu iwapo pumzi za mgonjwa zingepungua. Philip, dereva Mkenya wa hospitali, alikuwa anakula. Aliacha sahani yake juu ya boneti, akakumbuka, akaishusha, wakaondoka.

Gudele ya siku zile ilikuwa inaota upya kila wiki. Hapakuwa na jina la mtaa wala namba ya nyumba, na waliorudi kutoka Kenya, Uganda na Khartoum walikuwa kila mmoja na kiwanja chake cha miba. Nyachuol aliuliza kwenye vibanda, akaelekezwa, akaelekezwa tena, mpaka wakafika kwenye uzio wa mabua wenye tukul mbili, zile nyumba za duara za udongo na nyasi.

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kifuani. Hakuwataka. Nyachuol alitafsiri kwa ufupi: mgonjwa amelala, ameshapewa dawa ya mizizi, na mume ndiye atakayesema kama anarudi hospitali, na mume yuko Nesitu, nje ya mji, anashusha mizigo ya malori.

"Mwambie hatuwezi kumngoja."

"Nitamwambia, sista. Lakini si hivyo."

Nyachuol alichuchumaa chini, akamwacha mama mkwe awe juu yake, akaanza kuongea polepole. Jael alitazama uso wa yule mama ukilegea kidogo kidogo, na hata pale, mkoba wa dawa begani, akasikia kijicho kikimchoma. Yeye angeweza kusema mwaka mzima na mlango usifunguke.

Jirani alikuwa amekuja na mtoto wa Poni mikononi. Achan lilikuwa jina lake, Mwacholi kutoka Magwi. Alimwambia mama mkwe jambo, kisha akamgeukia Jael na kulirudia kwa lugha yake, na Jael akashtuka kwa sababu alikuwa ameelewa. Kichwa, Mwacholi anasema *wic*, na Mjaluo kama Jael anasema *wich*. Jicho kwa wote wawili ni *wang*. Wakasogeana, kila mmoja akiongea cha kwao taratibu. Poni alikuwa anaona cheche tangu asubuhi, alisema Achan. Alikuwa ametapika mara mbili, na chini ya mbavu upande wa kulia panamuuma kama amepigwa teke. Haya yote hakuyasema hospitali kwa kuwa alitaka kurudi nyumbani.

"Nyachuol," Jael aliita. "Tunaingia sasa."

Mama mkwe alisogea.

Ndani kulikuwa na giza, na Poni alikuwa amelala chali. Presha ilikuwa 174 kwa 116. Jael aligusa goti kwa kinyundo, guso tu, na mguu ukaruka hadi ukapiga ukuta. Jael alikuwa ndiyo kwanza anafungua chupa pale mdomo wa Poni ulipovutwa upande mmoja, macho yakageuka, na mwili mzima ukakakamaa.

"Mlaze ubavu wa kushoto. Usimtie kitu mdomoni. Hesabu."

Nyachuol alimlaza, akamshikilia kichwa kisigonge, akahesabu sekunde kwa sauti. Simu haikushika mtandao, na daktari alikuwa na mikono ndani ya tumbo la mtu mwingine. Wangeweza kukimbia naye kwenye gari bila dawa, dakika arobaini za mashimo, na degedege la pili likamkuta njiani. Jael hakufikiri sana. Mtikisiko ulipolegea alipata mshipa, akasukuma gramu nne polepole, dakika tano nzima kwa saa yake ya mkononi, kisha kumi kwenye makalio, tano kila upande.

"Pumzi?"

"Kumi na nane kwa dakika."

"Ikishuka chini ya kumi na sita niambie hapo hapo."

Haikushuka. Philip na Achan walisaidia kumbeba kwa shuka. Mama mkwe alipanda garini bila kuombwa.

Kufikia saa kumi Poni alikuwa kitandani, presha imeteremka, anauliza mtoto wake yuko wapi. Daktari Ater alisikiliza habari yote amesimama, akalitazama faili. Kisha akasema mbele ya wauguzi wote, "Hata mimi nilisaini. Sista Jael ametuokoa sisi wote leo. Mkitaka kujua maana ya kumtazama mgonjwa, mwangalieni huyu mama."

Ndiyo maneno aliyoyatamani tangu mwezi wa tano. Aliyapokea ameinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Nyachuol alikuwa ukutani, mikono nyuma, anatazama sakafu.

Jael alimkuta chumba cha dawa, anahesabu upya chupa ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

"Niliona asubuhi," Jael alisema. "Saa mbili. Kabla hajaondoka."

Nyachuol aliweka chupa chini. "Uliona nini?"

"Yote. Faili nilikuwa nalo mkononi. Nikakusikia wewe na daktari, nikalirudisha."

Ndege ilipita juu ya mabati. Walingoja ipite.

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu. Nilikuonea wivu."

"Angekufa, sista."

"Najua."

Nyachuol aliisukuma ile chupa pembeni. Hakulia wala hakupaza sauti. "Kosa langu nitalibeba. Nilipima, nikaandika, sikufikiri. Lakini lako silibebi. Mwambie daktari wewe, au nitamwambia mimi."

Jael alimwambia. Daktari Ater hakumgombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza maswali mawili tu na kuandika majibu. Ikaja barua ya onyo kutoka ofisini, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya usimamizi. Mwezi wa kumi Nyachuol alipewa wodi. Agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba faili la kila anayeruhusiwa lisomwe na wauguzi wawili, tangu namba ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sauti. Wa pili kwa kawaida alikuwa Jael. Walisoma vizuri pamoja. Chai hawakunywa pamoja tena, si mwaka ule.

Poni alikuwa ameruhusiwa baada ya siku saba, presha yake imetulia. Siku hiyo alimshika Nyachuol mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kiarabu kirefu chenye vicheko, mama mkwe akiitikia. Nyachuol alimwonyesha Jael kwa kidole, akaeleza jambo. Poni akageuka, akatabasamu kwa adabu, akamwinamia Jael kichwa, kisha akarudi kuongea na Nyachuol.

Wivu ulimbana Jael tena, mahali pale pale. Aliungoja upite, na ulipokawia kupita akachukua mashine ya presha, akaenda kitanda cha sita, akaanza kwa kumtazama mgonjwa.