Maji Aliyoyakataa Baba

Kisima cha mtaa kilipokauka, baba aligoma kabisa kunywa maji ya kiwanda ninachofanyia kazi, kwa sababu tunayasafisha kutoka kwenye maji taka ya mji mzima. Ya chupa yalikuwa yameadimika madukani. Homa ikampanda, midomo ikapasuka.

“Baba, tafadhali. Yamechujwa, vijidudu vimeuawa. Nimeyapima mwenyewe.”

“Mwanangu, nimezibua mitaro ya mji huu mpaka mgongo ukapinda. Najua kilichomo. Sinywi haja za majirani mimi, hasa za yule wa ghorofani.”

Mama alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Akanivuta mlangoni. “Mdanganye. Mwambie tumeyapata hospitali.”

Nilirudi kitandani nikiwa na uongo ule mdomoni, lakini haukutoka. Nikapiga magoti.

“Wewe unajua kinachoingia, baba. Mimi najua kinachotoka. Usiponiamini mimi, utakufa mbele ya macho yangu.”

Nikanywa nusu kikombe, nikaangua kilio kama mtoto.

Baba akanyoosha mkono kwenye kikombe. “Lete,” akasema.

Ulimi wake ulikuwa umekauka kiasi kwamba maji yote yalimwagika kidevuni. Mama akamwinua kichwa, nami nikachukua kijiko. Cha kwanza kilirudi. Cha pili kikampalia, akakohoa mpaka nikadhani ndiyo basi. Cha tatu akakimeza. Akafumba macho, akakunja uso, kisha akafungua mdomo tena.