Glavu za Halvard

Mimi ni mwongo wa kitabu kimoja tu. Mengine yote niliyosema maishani yalikuwa kweli, au angalau hayakupata shahidi.

Kisiwani kwetu meli ya vitabu ilikuja mara mbili kwa mwaka, kabla ya theluji na baada yake. Ilifunga gatini kwa muda wa saa moja na nusu, unaazima unachotaka, inaondoka. Kwa hiyo ulikaa na kitabu miezi sita, ukakisoma mpaka ukajua ni kurasa zipi zinanuka samaki. Mimi shule nilisoma miaka saba, kisha nikaenda kupasua samaki kiwandani. Lakini kusoma nilikupenda kama wengine wanavyopenda pombe.

Mwaka nilipotimiza arobaini na tatu nilichukua kitabu kwa ajili ya jalada tu: chombo cha angani chenye matanga, kinapita kati ya nyota. Nahodha wake ni mwanamke, Ragna. Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja, fundi wa injini, Tyra, anavua glavu zake zenye grisi, anamshika nahodha uso, anambusu. Nikarudi nyuma, nikasoma tena. Tyra alikuwa mwanamke tangu mwanzo, na bado ni mwanamke, kama mimi. Sikuwahi kuona jambo langu limepigwa chapa, tena kwa herufi nzuri namna ile. Nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili kwenye baridi bila kofia, maana ndani nilikuwa sitoshi.

Jirani yangu alikuwa Aslaug, mwanamke mjane, mfumaji hodari kuliko wote kisiwani. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwake. Yeye anafuma, mimi namsomea, kwa sababu mimi na sindano hatujawahi kuelewana. Nilitaka sana aisikie hadithi ile. Ila lile jambo langu lilikuwa yeye mwenyewe, nikaogopa. Nilipofika kwa Tyra, mdomo ukasema Halvard, jina la mwanamume. Nikampa na ndevu kabisa, asije mtu akatia shaka.

Aslaug akakipenda. Meli iliporudi nikakirudisha na kukichukua papo hapo.

"Hiki tena?" mkutubi akauliza.

"Sijakielewa vizuri," nikamwambia. Kwa miaka ishirini na sita nikaendelea kutokielewa.

Watu huuliza kuna raha gani kusoma hadithi ambayo mwisho wake unaujua. Raha ndiyo hiyo. Unajua chombo kitapita salama kando ya jua jeusi, na bado unashika kiti. Tena ilikuwa mara ya sita nilipoona kwamba Ragna alimpenda Tyra tangu ukurasa wa kumi na nne, pale anapompa bisibisi kabla hajaiomba. Mara tano nilipita hapo kama kipofu.

Taabu ya uongo ni kuulisha. Tyra anasuka nywele, basi Halvard wangu ikabidi asuke kamba. Tyra anaimba kwa sauti nyembamba, Halvard akashikwa na mafua.

Kisha nikavunjika nyonga, nikalazwa hospitali mjini Bergen wiki tatu, kitabu kikabaki mezani kwa Aslaug. Niliporudi nikamkuta na utani mpya.

"Huyo Halvard wako leo ana ndevu au kanyoa?"

"Anazo."

"Haya. Nilidhani injini imeziunguza."

Nikacheka. Nikajua anafurahi kwamba nimepona.

Vuli ya mwaka jana, kabla ya theluji, meli ya vitabu ikafanya safari yake ya mwisho. Mkutubi akanitia kitabu mkononi. "Chukua moja kwa moja, Gunvor. Hakuna mwingine aliyewahi kukiazima." Mwezi uleule Eirik, mtoto wa Aslaug, akasema mama yake hawezi tena kukaa peke yake, anamhamishia kwake mjini Stavanger.

Alhamisi ya mwisho niliapa nitasoma kilichoandikwa. Nikala mkate wake na jibini la kahawia, nikavaa miwani, nikasoma vizuri hadi mia mbili na kumi na moja. Hapo nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Sindano za Aslaug zikasimama.

"Endelea," akasema taratibu.

"Halvard akavua glavu zake," nikasoma.

Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga kitabu. Kisha Aslaug akatoa kwenye kikapu jozi ya glavu za sufu, za kijivu, zenye nyota nyekundu mgongoni.

"Nimemfumia. Huko juu kuna baridi."

"Nani?"

"Huyo fundi wako."

Nikavaa moja. Ikanikaa sawasawa.

"Mwenzangu, umekosea kuhesabu mishono. Mikono ya Halvard ni kama makoleo. Hizi ni za mwanamke."

Aslaug akanitazama, akangoja. Alingoja sana.

"Labda ni macho yangu," akasema. "Kaa nazo basi, mpaka umpate mwenye mkono huo."

Nikamshukuru, nikaomba kahawa nyingine. Kahawa, jamani.

Kesho yake asubuhi meli ya abiria ikamchukua. Nilimpungia nikiwa nimezivaa. Alikwisha pita mnara wa taa nilipokumbuka kwamba Aslaug amefuma miaka sitini na hajapoteza mshono hata mmoja. Na zile wiki tatu kitabu kilikuwa mezani kwake, naye kusoma anajua kuliko mimi.

Jumapili nikapiga simu, kitabu kikiwa wazi mapajani. Eirik akasema mama amelala, nipige kesho. Kesho yake, amelala. Jumatano akapiga Eirik mwenyewe: mama hakuamka.

Bado nasoma kila Alhamisi, kwa sauti, kama kilivyoandikwa. Tyra anasuka nywele zake, Tyra anaimba. Jiko langu halipashi vizuri, kwa hiyo nazivaa glavu, nami nafungua kurasa mbilimbili kama mlevi. Nikifika mia mbili na kumi na moja nazivua, kama anavyovua yeye, nakilaza kiganja juu ya ukurasa kwanza.

Halvard nimemwachisha kazi. Miaka ishirini na sita nilimfugia ndevu, na kumbe aliyejificha humo ni mimi.