Wageni Watano wa Neno Moja

Jumamosi saa nne asubuhi, Paulina alikuwa anachambua mchele uani kwake, Kilosa, mgeni wa kwanza akaingia anahema. Alivua raba mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. We mtoto wa nani?"

"Mimi Kukimbia, maana ya neno run. Ida yupo?"

Ida, bintiye wa kidato cha kwanza, alikuwa ndani anajisomea Kiingereza kwa sauti. Jumatatu kulikuwa na jaribio, na atakayekosa angevaa shingoni, muhula mzima, kibao kilichoandikwa *Sijui Kiingereza*. Paulina akaongeza mchele kwenye ungo.

Neno lenyewe Ida alilirudiarudia, basi maana zake nyingine nazo zikazidi kuja. Kutiririka alitokea upande wa mto Mkondoa, akaacha dimbwi sebuleni. Kuchuja alikalia kitenge kipya cha Paulina, kikabaki cheupe. Kuendesha alishuka kwenye lori la vitunguu kutoka Mikumi, akaenda moja kwa moja gengeni kwa Paulina kupanga nyanya. Kugombea alichelewa, maana kila nyumba alisimama kuomba kura. Hata kuku aliwaomba.

"Wanaondoka lini hawa?" aliuliza jirani, Magdalena.

"Mpaka mtoto awashike wote."

"Basi katafute sufuria nyingine, shoga."

Jumapili walikula mara tatu. Ida alicheka mpaka akapaliwa, na kufika jioni aliwajua wote kwa majina na kwa tabia.

Jaribio lilitaka sentensi moja yenye neno hilo. Ida akaandika kwa Kiingereza kwamba mama yake ana-run genge. Mwalimu Urbanus akachora kosa jekundu.

"Ida, genge lina miguu?"

Darasa zima likacheka.

Kesho yake Paulina akaenda shuleni na wageni wote watano. Mwalimu aliwapa viti, akawaandikisha kwenye kitabu cha wageni. Kuendesha akajieleza kwa utaratibu, na mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa kabisa, ndugu yangu. Lakini mwongozo wa kusahihisha una jibu moja, na jibu ni huyu mwenye raba."

Kukimbia akainama, akafunga kamba za raba zake. Ida akavishwa kibao.

Wewe mzazi unayepeleka mtoto kidato cha kwanza, usibaki na sufuria moja ndani. Na usije ukamdanganya mtoto kwamba kujua kunatosha.

Wageni hawajaondoka. Jioni Ida akirudi, wanampokea kibao mlangoni na kukivaa kwa zamu, ili yeye ale kwa raha. Kugombea peke yake ndiye hukataa. Anasema kitampunguzia kura, na nyumba nzima humzomea kwa vicheko. Asubuhi wanakifuta vumbi, wanamvika Ida tena, wanamnyooshea kamba isimkwaruze shingo. Mwalimu hukagua getini.