Makipa Wawili wa Komarock

Aluoch na Shirleen hawakuwa wakisalimiana, na timu nzima ilikuwa imeshazoea. Walikaa mtaa mmoja, Komarock, na wote wawili walikuwa na miaka kumi na sita. Kilichowagombanisha kilikuwa kimoja: kila mmoja alitaka kusimama golini, na timu yao ya vijana ya hoki ya barafuni ilikuwa na seti moja tu ya vifaa vya kipa. Helmeti yenye wavu wa chuma usoni, glavu, kinga ya kifua, na pedi mbili nene za miguu ambazo mtu fulani ng'ambo alizivaa mpaka akazichoka.

Kocha Tobias, baada ya kuamua ugomvi wao mara tano, akatoa sheria. Kila mechi ya ligi, mmoja angedaka kipindi cha kwanza na mwenzake cha pili. Wakati wa mapumziko wangepokezana vifaa.

Dawa hiyo ilizidisha ugonjwa. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja mdogo wa barafu ulio ndani ya hoteli moja Barabara ya Mombasa, wasichana hao walikaa benchi moja wakivuana pedi bila kutazamana. Shirleen alikuja na kitambaa na chupa ya dawa ya kuua viini. Akipewa helmeti, aliisugua ndani taratibu, timu ikiona, na siku moja akasema, "Hii kitu inanuka omena." Wachache walicheka, maana walijua omena, dagaa wa ziwani, ndio chakula cha kwao Aluoch. Jumamosi iliyofuata, ilipokuwa zamu yake kudaka kipindi cha kwanza, Aluoch alifunga kamba za kinga ya kifua mafundo magumu hivi kwamba Shirleen alilazimika kuyafungua kwa meno, mwamuzi akimpigia filimbi aharakishe.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda, na jambo la ajabu ni kwamba walikuwa wakishinda. Hakuna aliyekubali kufungwa zaidi ya mwenzake. Aluoch akiruhusu bao moja, alirudi benchi akiombea Shirleen aruhusu mawili.

Nusu fainali waliangukia Kiamaiko. Timu ile ilikuwa na Gedi, mtoto wa mchuuzi wa mbuzi, mwenye shuti ambalo makipa walilizungumzia kwa sauti ya chini. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachopigania uwanjani kilipotoka kwenye fimbo yake, ulikisikia kabla ya kukiona. Aluoch alidaka kipindi cha kwanza na hakufungwa. Alikaa benchi akihema, akainama kufungua pedi ya kushoto, na hapo ndipo alipoona mkanda wa nyuma ya shavu la mguu umeshikwa na nyuzi tatu au nne tu.

Alitaka kusema. Baadaye alijiapia hivyo mara nyingi, na ilikuwa kweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Fanya haraka," Shirleen akasema, kitambaa mkononi. "Ama unangoja nikubebe?"

Aluoch akafunga mdomo. Akamsukumia pedi kwa mguu, akajifunika taulo, akageuka upande wa pili.

Dakika ya sita ya kipindi cha pili Gedi alipiga. Shirleen alipiga magoti kuziba chini, mkanda ukakatika, pedi ikazunguka na kumwacha mguu wazi. Kisahani kilimpata kwenye muundi. Hakulia. Alilala juu ya barafu akishika mguu kwa glavu zote mbili, na sauti iliyomtoka ilikuwa kama ya mtu anayejaribu kukohoa. Walipombeba nje, Tobias alifunga pedi kwa kipande cha kamba na kumwambia Aluoch arudi golini. Walishinda moja bila.

Mfupa ulikuwa na ufa. Siku mbili baadaye mama yake Shirleen, Njoki, fundi cherehani mwenye kibanda kando ya Barabara ya Kangundo, alikuja kwenye maegesho ya kanisa walikofanyia mazoezi kwa viatu vya magurudumu. Hakumsalimu mtu. Aliiokota ile pedi, akaukunjua mkanda, akauleta karibu na macho.

"Mwalimu, huu haukukatika siku moja," akamwambia Tobias. "Angalia nyuzi. Hizi zimechakaa, zimekuwa za kijivu. Hizi nne peke yake ndizo mpya. Aliyeivaa kabla ya mtoto wangu ni nani?"

Kila mtu alimjua. Macho yote yakamwendea Aluoch.

"Sikuona, mama," Aluoch akasema.

"Hukuona."

"Nilikuwa nimechoka."

Njoki aliingiza pedi kwenye mfuko wake. Aliirudisha kesho yake imeshonwa mikanda yote upya, akamkabidhi Tobias.

Fainali walicheza na timu ya mtaa wa Reuben. Aluoch alidaka vipindi vyote viwili, na hakuna aliyewahi kumwona akidaka vile. Walishinda mbili kwa moja. Wachezaji wenzake walikumbatiana katikati ya barafu, na yeye akabaki golini akifungua glavu polepole, kwa sababu hakuna aliyemfuata. Babake, Jackton, karani wa reli, alipiga picha moja na simu kisha akauliza mbona hacheki.

Aluoch alivumilia wiki nzima. Jumapili baada ya ibada akaenda kibandani. Njoki alikuwa akishona sare ya shule, na Shirleen ameketi nyuma yake, mguu wenye plasta juu ya kigoda.

"Niliuona ule mkanda," Aluoch akasema. "Nikanyamaza."

Cherehani ikasimama.

"Nilijua," Shirleen akasema. "Ulivyogeuka na taulo lako, nilijua kuna kitu. Na nikuambie kingine. Ingekuwa wewe unaingia, ningenyamaza pia. Kwa hivyo usidhani umeniletea zawadi."

"Nyamaza wewe," Njoki akamwambia bintiye. Kisha kwa Aluoch, bila kupandisha sauti: "Nimekusikia. Ungeniambia siku ile, mbele ya wale wote. Sasa toka kwenye kibanda changu."

Akatoka.

Plasta ilitolewa, na miezi mitatu baadaye Shirleen akarudi mazoezini akichechemea kidogo. Tobias akamuuliza kama anataka vifaa vya kipa.

"Golini siendi tena," akasema. "Nipe fimbo. Nataka kufunga."

Kuanzia hapo akawa mshambuliaji, na kipa wa kufanyia mazoezi alikuwa mmoja. Alipiga visahani ishirini, thelathini, vyote vikimlenga Aluoch mwenyewe badala ya pembe za goli: bega, shingo, wavu wa usoni. Kimoja kiligonga helmeti mpaka masikio ya Aluoch yakavuma.

Tobias akapuliza filimbi, akateleza hadi golini. "Nimweke mtu mwingine hapa?"

"Hapana, kocha."

"Atakuumiza huyu."

Aluoch alitema mate pembeni, akashusha wavu usoni, akapiga fimbo yake chini mara mbili. Shirleen alikuwa ameshapanga visahani vingine kumi kwa mstari.