Choo cha Mkuu Kwenye Kona ya Ngazi

Mkuu wa chuo chetu, Daktari Zabron, aliniibia ngazi ili apate choo cha peke yake. Nilikwenda Mbeya kufuata nondo, nikarudi Tunduma nikakuta ukuta mpya umesimama pale ngazi inapopinda kuingia korido ya juu. Umepigwa lipu, umepakwa rangi, na nyuma yake kuna sinki jeupe lenye koki ya rangi ya dhahabu. Fundi mkuu, Lusubilo, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nani kakuruhusu?" nikamuuliza.

"Mkuu, Injinia. Alisema mmeshakubaliana."

"Na wewe ukaamini?"

"Alikuwa amevaa tai," alijibu, kana kwamba tai ni kibali cha ujenzi.

Mimi ndiye msimamizi wa ujenzi wa jengo lile la sayansi za afya. Chini ni madarasa na maabara. Juu kuna ofisi ya Mkuu, aliyoichagua ili awe anatazama malori yanavyopanga foleni ya kuingia Zambia, na kando yake wodi ya mafunzo na chumba cha kujifungulia, ambamo wanafunzi watahudumia akina mama wa mjini chini ya macho ya wakunga. Lifti haikuwahi kuwepo, si kwenye ramani wala kwenye ndoto. Asiyeweza kutembea atapandishwa kwa machela, kwa ngazi ileile. Nilimweleza Mkuu kwamba kwa ukuta wake machela haitakata kona. Akanitazama kwa upole wa kitaalamu.

"Mgonjwa atakunjwa kidogo," akasema.

Nilibishana naye hadi sauti ikakauka. Kilichonikereketa ni kwamba wifi yangu Rozi alikuwa na mimba kubwa, na alishatangaza mtaa mzima kuwa atajifungulia kwenye "ghorofa la wifi". Kila nikipita pale kwenye kona nilikuwa natukana kimoyomoyo, matusi ambayo mama yangu kule Hasamba hajui kama ninayajua.

Ikafika siku ya makabidhiano. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Sufiani, mwenye malori, alikuja na wajumbe wake. Wanafunzi wakajaa uani. Mkuu akaniwekea karatasi mezani, akaninong'oneza: "Saini, Injinia. Usiposaini wewe, nitamleta wa kusaini." Lile lilikuwa jengo langu la kwanza, na jina langu lilikuwa kwenye bango la getini. Nililitaka jengo lile. Niseme ukweli, kalamu niliishika.

Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema: "Nitasaini machela ikipita."

"Sawa kabisa," akasema Mzee Sufiani. "Hata mimi sinunui lori bila kulijaribu. Alale nani?"

"Mkuu," nikasema. "Jengo si lake?"

Mbele ya bodi na wanafunzi angekataaje? Akavua viatu, soksi moja ya bluu na nyingine nyeusi, akalala kwenye machela, akafungwa mkanda, tai yake ikiwa kifuani. Lusubilo na mafundi wake wakambeba ndani, mimi na wanafunzi tukiwafuata ngazini. Mzee Sufiani akapanda mbele yao kinyumenyume, akiwaongoza anavyowaongoza madereva wake wakirudisha semitrela.

"Njoo! Njoo! Kata kushoto! Panono, panono!" Hicho ni Kibemba cha mpakani, anawahimiza waende polepole.

Kwenye kona, kichwa kikaingia korido, miguu ikabaki ngazini. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena. Wakainua upande mmoja. Tai ikamwangukia Mkuu usoni. "Katika hali ya kawaida," akaanza kueleza chini ya tai, na wanafunzi wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilifurahi vibaya sana, na sikuona aibu.

Ndipo mguu wa Lusubilo ukateleza. Machela ikainamia upande wa reli ya ngazi, na chini ya reli ni uwazi mtupu hadi kwenye sakafu. Kicheko kikakatika. Niliruka nikaidaka pembe ya machela, na mkono wa Mkuu ukanishika kifundo cha mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Injinia, usiniachie."

Muda wote ule wa kubishana nilikuwa nikimtaja mama mjamzito kama hoja ya kumshinda Mkuu. Pale ndipo nilipomwona Rozi amelala kwenye machela ile.

"Sikuachii, Mkuu. Shusheni. Taratibu."

Tukarudi chini, ngazi moja moja. Tulipomweka Mkuu sakafuni na kumfungua mkanda, hakuinuka mara moja.

"Nilitaka kupiga kelele," akasema, akitazama dari. "Nikaona aibu."

"Na hapo huna uchungu wa kuzaa, Daktari," akasema Mzee Sufiani.

Mkuu akakaa. Nikamletea viatu vyake, hakuviangalia.

"Nyundo iko wapi?"

Lusubilo akanitazama, nikamkubalia kwa kichwa, akaileta ile kubwa. Mkuu akapanda na soksi zake mpaka kwenye kona. Pigo la kwanza lilikwangua rangi tu. La pili likadondosha lipu kidogo. Lusubilo akanyoosha mikono ampokee, Mkuu akakataa. Nilivua helmeti yangu nikamvisha, nikasogea pembeni, nikamwacha aendelee kupiga.