Picha ya Ngazi ya Sauna

Kila Juhannus, sikukuu ya Kifini ya katikati ya kiangazi, watoto wa ukoo wa Taisto Karppinen hupigwa picha kwenye ngazi ya sauna, kibanda cha kuogea mvuke kando ya ziwa, uchi kama walivyozaliwa, mkononi fungu la majani mabichi. Ukutani zilikuwepo kumi na saba. Mwaka huu ilikuwa zamu ya mjukuu wake Venla, mwenye miaka mitano. Taisto alipiga picha, akamtumia Henriikka, binti yake, mama wa mtoto, aliyekuwa kazini Brussels.

Mashine ya kampuni ya ujumbe wa simu, inayopekua kila picha, iliiona kabla ya mama, ikaidhania picha chafu ya mtoto. Asubuhi akaunti ya Taisto ilikuwa imefungwa asiweze kutuma kitu, na polisi wamearifiwa.

Polisi wa Kuhmo, mji wao, alikuja, akaangalia ukuta, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Mzee, hata mimi niko ukutani kwa mama yangu hivyo hivyo." Akafunga faili. Lakini kampuni haikufuata neno la polisi. Ilitaka tamko la mzazi ndani ya siku kumi: kwamba anamfahamu aliyetuma na aliridhia. Bila hilo, vyote vilivyomo kwenye akaunti vingefutwa.

Ndani mlikuwa na sauti ya mkewe, Lahja. Kila Jumamosi alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kutoka kule ziwani: "Sauna tayari, mzee. Ukichelewa nakula soseji zote." Lahja alikufa Februari. Tangu hapo, kila Jumamosi Taisto alisikiliza sauti hiyo, ndipo alipovua viatu na kuteremka saunani.

Henriikka alifika siku ya nane kumchukua mtoto. Taisto alimwekea fomu mezani, kando ya viazi vipya.

"Saini tu, mwanangu. Mstari mmoja."

"Baba, unajua mimi nafanya kazi gani?"

"Unaandika ile sheria ya kupekua barua za watu."

"Ya kulinda watoto. Mwezi ujao wananipa uongozi wa kitengo. Jina langu likionekana kwenye faili ya namna hii, nimekwisha."

"Faili ya namna gani? Ni Venla na majani!"

"Mashine haijui majani."

"Wewe unayajua. Ulisimama pale pale, ukalia kwa sababu ya mbu."

Henriikka alimenya kiazi. "Nilisema mbele ya watu mia mbili kwamba asiye na hatia hapotezi kitu. Leo nikaandike kwamba baba yangu amepoteza?"

"Ni sauti ya mama yako."

"Mama amekufa, baba. Ujumbe wa soseji hautamfufua." Akaisukuma fomu pembeni, akaweka sufuria juu yake. "Na hizo za ukutani, zitoe. Mtu akija akizipiga picha?"

Taisto alivuta sahani. Alikula kiazi chake chote, taratibu, bila chumvi.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Saa nane mchana alibonyeza pale alipozoea kubonyeza. Hapakuwa na kitu, hata jina la Lahja. Akajaribu tena, kisha akaifuta simu kwa shati kana kwamba ina vumbi.

Kutoka ziwani Henriikka aliita, sauti yake ileile ya mama yake: "Sauna tayari, baba! Njoo!"

Taisto aliteremka amevaa viatu. Mkononi alikuwa na fremu moja ya ukutani. Henriikka alikuwa amekaa ngazini na taulo, Venla akirusha maji ukingoni.

"Umeanza kuzitoa," alisema Henriikka. "Afadhali."

"Nimetoa moja." Akamwekea mapajani. Msichana uchi, majani mkononi, machozi mashavuni. "Chukua uende nayo."

"Kwa nini yangu tu? Na ya Venla?"

"Venla namfahamu."

"Baba, usiwe mtoto."

"Fomu ilitaka mzazi aseme anamfahamu mtu. Huyo simfahamu. Nitaeleza nini wakiniuliza picha yake inafanya nini nyumbani kwangu?"

Akamgeukia mjukuu. "Toka majini, mpenzi. Mgeni anataka kuondoka."